Kusikiliza Kabla ya Kutazama: Wanyama wa Milima ya Udzungwa

Aliyezoea kutazama wanyama katika mbuga za nyasi hutegemea jicho. Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, desturi hiyo haitoshi. Msitu umefunga, mgeni huenda kwa miguu, na mnyama aliye karibu sana aweza asionekane. Hapa sikio hutangulia jicho.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1979. Watafiti waliokuwa Sanje walisikia mlio wa kima ambao haukutarajiwa kusikika katika milima hiyo. Wenyeji walimfahamu mnyama huyo, lakini sayansi ilikuwa bado haijamwandika. Ndiye mangabei wa Sanje. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1992.

Wakati bora wa kumtafuta mangabei ni alfajiri, hewa ikiwa tulivu na milio ikisafiri mbali. Baada ya kusikiliza, yafaa kutazama chini kama juu, kwa kuwa mnyama huyu hutumia muda mwingi ardhini akipekua majani makavu kutafuta mbegu na matunda.

Mbega mwekundu wa Udzungwa ana ratiba nyingine. Chakula chake kikubwa ni majani, ambayo huchachushwa na bakteria ndani ya tumbo lenye vyumba kadhaa. Kazi hiyo huchukua muda mrefu. Kwa hiyo mchana kundi hupumzika matawini, na mwenye darubini hulitazama kwa utulivu. Miteremko ya chini, karibu na Mang'ula, yafaa kwa kuanzia.

Ama kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Oktoba hufaa zaidi, maana njia huwa kavu. Kati ya Machi na Mei huteleza. Hata hivyo, upepo wa Bahari ya Hindi upandapo miteremko ya mashariki hupoa na kuacha unyevu, na msitu hubaki kijani.

Mangabei wa Sanje haishi kwingineko duniani ila Udzungwa, katika misitu miwili isiyoungana: Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi, na Uzungwa Scarp, ulio kusini zaidi. Kati yake kuna mashamba na makazi ya watu. Kundi likitoweka katika msitu mmoja, wenzake wa msitu wa pili hawana njia ya kuja kujaza nafasi yake. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye daftarini saa, mahali na mlio aliousikia anashiriki kazi yenye manufaa: kujua mapema iwapo mlio huo unapungua.