Mizani inayofichua siri ya saratani

Ndani ya takriban kila seli ya binadamu mna uzi wa DNA wenye urefu upatao mita 2. Uzi huo hutoshea humo kwa kuwa umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni.

Protini hizi hubandikwa alama za kemikali. Alama ya asetili hulegeza uzi, jeni zikasomeka. Ikiondolewa, uzi hukazika na jeni hunyamaza. Hapo ndipo saratani hupata mwanya, maana jeni inayozuia seli kuzaana ovyo yaweza kunyamazishwa ingali nzima.

Alama hizo hutambuliwa kwa uzito. Mtambo uitwao spektrometa ya masi huzipa molekuli chaji ya umeme, kisha huzitenganisha kwa uwiano wa uzito na chaji. Asetili moja huongeza daltoni 42.011, methili tatu huongeza 42.047. Ni tofauti ndogo mno, ila mtambo hafifu ukiikosa, mtafiti atasoma alama nyingine kabisa.

Mnamo 2005, kundi la Manel Esteller nchini Uhispania lilionyesha kuwa histoni H4 hupungukiwa na asetili katika saratani nyingi. Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha vorinostat, dawa inayozuia asetili kuondolewa, kwa wagonjwa wa saratani ya limfu ya ngozini ambao tiba nyingine hazikuwafaa.