Piko

Piko (pia: hina nyeusi) ni rangi nyeusi inayotumika kuchora maua na mapambo mengine juu ya ngozi, hasa mikononi na miguuni. Ingawa watu wengi huihesabu kuwa aina ya hina, mara nyingi haina majani ya mhina hata kidogo. Ni kanta, yaani rangi ya kutia nywele weusi, iliyokorogwa na kupakwa mahali isipotengenezewa. Kemikali iliyomo, parafenilinidiamini (kifupi PPD), inaweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa maisha.

== Matumizi ==
Kupaka hina ni desturi ya zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, Uarabuni na Uhindi. Katika mji wa Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Viktoria, wanawake na watoto hupambwa wakati wa harusi na sikukuu za Idi. Piko hupendwa kwa sababu hukauka upesi na huonekana vizuri zaidi kwenye ngozi nyeusi.

== Tofauti na hina ya asili ==
Hina ya asili hutokana na majani makavu ya mhina (''Lawsonia inermis'') yaliyosagwa. Uji wake ni wa kijani au kahawia na hunukia majani. Huachwa kwenye ngozi kwa saa kadhaa, na rangi yake huanza na chungwa, kisha hukolea kuwa kahawia baada ya siku moja au mbili. Haiwi nyeusi tititi. Rangi inayotoa weusi kamili kwa muda wa chini ya saa moja ni ya kutiliwa shaka.

== Madhara ==
Umoja wa Ulaya huruhusu PPD katika rangi za nywele kwa kiasi kisichozidi 2% inapopakwa kichwani, na hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Marekani pia haijaidhinisha ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Piko hukorogwa bila kipimo, na vipimo vya maabara vimewahi kukuta piko yenye PPD zaidi ya 10%.

Mzio hauji papo hapo. Kwa anayepaka mara ya kwanza, dalili zinaweza kuchelewa wiki moja au mbili, hata watu wakadhani chanzo ni chakula au sabuni. Dalili hizo ni muwasho, wekundu, uvimbe na malengelenge yanayofuata mistari ya mchoro. Baada ya kupona, alama nyeupe au nyeusi huweza kubaki kwa miezi, na wakati mwingine kovu la kudumu.

Mwili ukishaizoea PPD kuwa adui, hausahau. Mtu huyo akipaka kanta miaka mingi baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho kufumba. Anaweza pia kudhurika na baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo. PPD ikimezwa ni sumu: huvimbisha koo na kuharibu figo, kama ilivyoripotiwa mara nyingi nchini Sudan.

Hina ya asili nayo si salama kwa kila mtu. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

== Kinga na matibabu ==
* Muulize mchoraji rangi yake imetengenezwa na nini. Asipoweza kujibu, usipake.
* Usiwapake watoto piko.
* Ukisikia mchomo, osha mara moja kwa maji mengi.
* Usipasue malengelenge wala kuyafunika kwa rangi nyingine. Nenda kituo cha afya.
* Uso ukivimba au pumzi ikibana, wahi hospitali bila kuchelewa. Mjini Mwanza zipo Bugando na Sekou Toure.
* Mweleze daktari kwamba ulipaka piko, hata kama ni wiki mbili zilizopita.