Kidaka Ukutani, Usalama Sakafuni: Tukitengeneza Bafu la Familia

Bafu huwa ni miongoni mwa vyumba vidogo kabisa vya nyumba, lakini hakuna mtu wa nyumba hiyo asiyekiingia kila siku. Humo huogeshwa mtoto mchanga, humo hukamilishwa josho, na humo mzee mwenye magoti mazito huingia peke yake na kufunga mlango, kwa kuwa sitara yake hapendi kuigawa na mtu. Kwa hiyo familia inapodunduliza fedha ili kulitengeneza bafu upya, swali la kwanza lisiwe rangi ipi inapendeza. Na liwe hili: ni nani watakaooga humu, nao watatoka salama?

Katika kamati ya msikiti hatukosi kuulizwa na waumini juu ya mafundi na vifaa, na mara nyingi tunaona fedha ikitangulia kwenda kwenye vigae vya kung'aa, huku mteremko wa sakafu na uzuiaji wa maji vikiachiwa kilichobaki. Matokeo yake hujulikana: maji yanatuama pembeni, chupa na sabuni zimetapakaa chini, ukuta wa chumba cha jirani unavimba na kumenyuka rangi, na bibi anaogopa kuoga mpaka asimamiwe mlangoni.

Wazee wetu walilijua jambo hili

Kuweka hifadhi ndani ya ukuta si fasheni iliyotujia jana. Nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina vidaka vilivyopangwa ukutani kwa safu, vikipamba chumba na kubeba vyombo kwa wakati mmoja. Katika mabafu yake lilijengwa birika la maji, na chini ya birika likapachikwa bakuli la kauri kutoka Uchina. Samaki wadogo walifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu, na birika lilipopungua maji, bakuli lile lilibakiza ya kuwatosha. Lilikuwa pambo, nalo lilikuwa na kazi. Unguja nako, Seyyid Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na kuta zake zikapambwa kwa nakshi za chokaa. Uzuri katika mahali pa kuogea, basi, haukuwahi kuwa jambo la kuonewa haya. Kinachotakiwa ni uzuri huo uwe na kipimo.

Tupime kabla ya kununua

Tuchukue mfano wa sehemu ya kuogea yenye upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 100, yenye kuta tatu. Jumla ya urefu wa kuta hizo ni mita 3.2. Vigae vikipandishwa hadi mita 2.1, eneo linakuwa mita za mraba 6.72. Tukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata na vitakavyovunjika, tunapata takriban mita za mraba 7.4. Kigae cha sentimita 30 kwa 60 kina eneo la mita ya mraba 0.18, kwa hiyo tutahitaji vigae 42. Tuhakikishe makasha yote yana namba moja ya toleo, maana rangi ileile ikitoka kiwandani kwa nyakati mbili huweza kutofautiana.

Vigae hivyo vikilazwa, kila safu ina kimo cha sentimita 30, na safu saba hutimiza kimo chetu. Ukuta wa mbele upangwe kuanzia katikati: kigae kizima katikati, nusu kulia na nusu kushoto. Hapo kidaka kinapata mahali pake bila kulazimishwa: upana wa sentimita 60, kikichukua safu ya tatu na ya nne, yaani kuanzia sentimita 60 hadi 120 kutoka sakafuni, na rafu moja katikati yake. Chini huweka sabuni yake mtoto na mzee anayeoga ameketi. Juu huweka vyake anayesimama. Kingo za kidaka zitafuata maungio ya vigae, na jicho halitaona kiraka.

Fundi akumbushwe kwamba vigae na gundi hula nafasi. Kila upande ukila sentimita 1.5, tundu la kidaka liachwe na upana wa sentimita 63 ili libaki 60. Juu yake iwekwe linta ndogo ya zege. Katika nyumba inayojengwa, kidaka kiachwe wakati tofali zinapangwa. Katika nyumba iliyokwisha kusimama, ni salama zaidi kujenga ukuta mwembamba wa nyongeza mbele ya ule wa zamani kuliko kuuchimba ukuta unaobeba dari. Hapo vipimo vichukuliwe upya baada ya ukuta huo kusimama.

Maji kwanza, vigae baadaye

Vigae na saruji ya maungio havizuii maji. Kinachozuia ni kile kilicho nyuma yake. Baada ya mabomba kujaribiwa, sakafu ipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Kisha ipakwe dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, wa pili ukipita kinyume cha wa kwanza baada ya ule kukauka. Pembe zote, pamoja na pembe za ndani ya kidaka, ziwekewe utepe wa kitambaa, kwa kuwa huko ndiko maji hupenyea. Dawa ikishakauka sawasawa, tundu lizibwe, sakafu ijazwe maji kidogo, kimo chake kiwekewe alama, na yaachwe kwa saa 24. Yakishuka bila sababu, fundi arudie kazi kabla hata kigae kimoja hakijabandikwa. Siku hiyo moja ya subira ni nafuu kuliko kubomoa.

Sehemu ya chini ya kidaka na rafu yake viinamishwe milimita chache kuelekea nje, maji yasilale. Gundi ienee mgongo mzima wa kigae. Kinachotoa sauti ya uwazi kikigongwa kibanduliwe. Ukuta unapokutana na sakafu au na ukuta mwenzake, pazibwe kwa silikoni badala ya saruji ya maungio, ambayo hupasuka hapo.

Sakafu iwe na vigae vidogo visivyong'arishwa, vya sentimita 5 au 10, maana hufuata mteremko vizuri na maungio yake mengi huushika mguu. Kishikio cha chuma kifungwe kwenye ukuta imara. Rafu ya kidaka si kishikio, na mtu anayeteleza hushika chochote kilicho karibu.

Pambo na kiasi

Kwa pambo, mgongo wa kidaka unatosha. Eneo lake ni mita ya mraba 0.36 tu, kwa hiyo hata familia ya kipato cha kawaida inaweza kuchagua vigae vya nakshi vilivyo ghali kidogo, na kuta nyingine zikabaki za rangi moja. Nakshi iwe ya maua au ya maumbo ya kijiometri. Aya na majina matukufu si ya kuwekwa bafuni.

Kiasi hicho kiende mpaka kwenye maji. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akioga kwa pishi moja hadi mudi tano, kiasi ambacho hakifiki hata lita 5. Bomba la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika humwaga lita 50 kwa dakika 5. Tukilinunua, tuchague lenye kutoa maji machache, na tuwafunze watoto kulifunga wanapojipaka sabuni.

Baba na mama wanapokaa na fundi kupanga gharama, basi, waanze na mteremko, dawa ya kuzuia maji na kishikio. Fedha ikipungua, nakshi ingoje mwaka mwingine. Mzee wa nyumba hawezi kungoja, kwani ataoga humo kesho alfajiri, kabla ya swala.