Mwali ana somo wake, mwalimu mpya ana nani?

Leo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele nimeyaweka kando kidogo, nataka tuongee habari za walimu. Usifunue ukurasa! Kama una mtoto shule ya serikali, hili ni lako.

Hebu tazama tunavyoishi. Mwali akiolewa anapewa somo, anamnong'oneza hili na lile mpaka ayajue. Anayetaka kuendesha daladala huanza kwa kuning'inia mlangoni akiita abiria, usukani baadaye. Fundi mwashi naye hakupi pimamaji siku ya kwanza, utachanganya zege mpaka mikono iote sugu. Lakini mwalimu mpya? Jumapili anashuka kwenye basi na begi na godoro lake, Jumatatu anakabidhiwa boksi la chaki, daftari la mahudhurio na darasa la kwanza lenye watoto mia na ushee. "Karibu sana mwalimu." Basi, imetoka hiyo.

Nina shoga yangu tuliyemaliza naye kidato cha nne. Yeye akaenda chuo cha ualimu, mie nikaangukia kwenye kalamu. Alipangiwa shule moja ya kijijini huko kusini. Anasema ilipofika Jumatano ya wiki ya kwanza sauti ilikuwa imekauka kabisa kwa kupiga kelele. Chuoni alifundishwa azimio la kazi na andalio la somo, akafaulu vizuri tu. Ila hakuna aliyemwambia ufanyeje watoto thelathini wakitaka kwenda chooni kwa pamoja! Wenzake ofisini walikuwa wakimcheka, eti "atazoea".

Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja mama mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu. Hakutumwa na mtu. Siku moja aliingia darasani, akakaa nyuma kabisa, akatazama kimya. Baada ya kipindi akamwambia, "Mwanangu, ukitaka wanyamaze, ongea polepole." Kesho yake akambebea mfuko wa visoda vya kuhesabia, akamwonyesha namna ya kuligawa darasa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Halafu wakabadilishana, mama akafundisha, shoga yangu akakaa nyuma. Miezi miwili hivi, binti akawa mwalimu. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, akaichana.

Sasa mie najiuliza, na shule ambazo hazina mama kama yule?

Siyo kwamba nchi hii haijawahi kuliona jambo hili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto walipoingia shule kwa wingi, vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha huku wenyewe wakisomea ualimu huko huko vijijini. Ulipokuja mpango wa MMEM mwaka 2002, wanachuo wa daraja la tatu A walikaa chuoni mwaka mmoja, wa pili wakaupitisha shuleni wakifundisha, na walitakiwa wawe mikononi mwa wenye uzoefu. Sekondari za kata nazo zilipofumuka, wakaletwa vijana wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache, watu wakawabandika jina la vodafasta. Tulicheka sana, lakini nani aliuliza wanalelewa na nani?

Kukosa malezi kuna bei yake. Kijana asiyejua kulituliza darasa atakimbilia silaha iliyo karibu, nayo ni fimbo. Mwaka 2016 picha za video kutoka Mbeya zilitembea nchi nzima, wanachuo waliokuwa mafunzo ya vitendo wakimpiga mwanafunzi wa sekondari kwa pamoja. Walichukuliwa hatua, na ilistahili. Ila mwalimu mzoefu angekuwa chumba kile, yangefika huko?

Halafu wengi siku hizi wanasota mtaani kabla ya ajira. Wapo waliomaliza chuo mwaka 2015 wakaja kuajiriwa baada ya 2020. Miaka yote hiyo mtu anauza vocha au anaendesha bodaboda, leo unampa darasa na kumtakia kila la heri!

Najua upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Walimu wanakutana shuleni kwao na kujadili yanayowatatiza. Ni jambo jema kabisa. Lakini mgeni huona haya kusema mbele ya watu kumi kwamba darasa limemshinda. Anahitaji mtu wake mmoja.

Mtu huyo asiwe mkaguzi. Ukijua kila unachokosea kinapelekwa kwa mwalimu mkuu, utaficha. Tena mlezi apunguziwe vipindi. Huwezi kumpa mtu vipindi thelathini kwa wiki halafu ukamwambia alee. Shule yenye walimu watatu ishirikiane na ya jirani, Afisa Elimu Kata awaunganishe. Na kwa kuwa mwajiriwa mpya serikalini huwa na miezi kumi na miwili ya majaribio, mwaka huo uwe wa malezi kweli kweli, siyo wa kusubiri barua ya kuthibitishwa tu.

Nawe mzazi, kikao kijacho cha shule usiishie kuuliza michango na chakula. Nyoosha mkono, uliza hivi: "Huyu mwalimu mgeni amekabidhiwa kwa nani?" Wakitazamana, ujue jibu umeshalipata, na usikae chini mpaka wataje jina.