Je, Wajua? Marupurupu Hayana Upinzani

Je, wajua kwamba kambi ya jeshi ya Lanet, hapa kwetu Nakuru, iliwahi kuasi kwa ajili ya mshahara? Ilikuwa jioni ya 24 Januari 1964, uhuru ukiwa na wiki sita tu. Askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walikuwa wametega sikio redioni wamsikie Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta, akitaja nyongeza yao. Hotuba ikaisha, nyongeza kimya. Wakavamia ghala la silaha. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wangali nchini ndio walioitwa kuwazima, na vinara wa uasi wakaishia mahakama ya kijeshi, kisha gerezani.

Waheshimiwa hawajawahi kuhitaji kuvunja ghala lolote. Je, wajua kwamba katika Bunge la Kumi (2008 hadi 2013) mbunge alipokea takriban shilingi 851,000 kwa mwezi, na zilizotozwa kodi ni 200,000 pekee, ule mshahara wa msingi? Zilizobaki ziliitwa marupurupu, na marupurupu mtoza ushuru hakuyagusa. Mwalimu wa Lanet alikatwa kodi yake kabla mshahara haujamfikia mkononi. Mwanya huo uliwekewa kizuizi na Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010.

Bunge hilohilo, lilipokaribia kuvunjwa, lilijipitishia kiinua mgongo cha zaidi ya shilingi milioni 9 kwa kila mbunge. Rais Mwai Kibaki akakataa kutia sahihi. Januari 2013 wakajaribu tena, na safari hii walitaka pia pasipoti za kidiplomasia, mlinzi mwenye bunduki na mazishi ya kitaifa. Kibaki akakataa tena. Mazishi! Hata marehemu alikuwa atengewe fungu.

Je, wajua kwamba aliyewatia Wakenya kinywani kauli ya nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi alizaliwa Kabatini, jirani na Lanet? J.M. Kariuki alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Husahaulika kwamba hakuwa wa chama cha upinzani: alikuwa KANU, aliwahi kuwa waziri msaidizi, tena tajiri mwenye farasi wa mashindano. Naona ndiyo maana maneno yake yaliwachoma wakubwa, kwa kuwa hayangeweza kuitwa wivu wa mtu aliyekosa. Machi 1975 aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Mbunge wa Nakuru Mjini, Mark Mwithaga, aliketi katika kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo, na baadaye akajikuta jela kwa kesi nyingine.

Miaka kumi kabla ya hapo, 1965, Mzee Kenyatta alimsuta Bildad Kaggia hadharani kule Kandara. Kosa la Kaggia? Wenzake waliohukumiwa naye Kapenguria walikuwa wamejipatia mali, yeye akabaki kutetea wasio na ardhi. Siasa ya "umejifanyia nini?" ina umri mkubwa kuliko wabunge wengi wa leo.

Je, wajua kwamba marupurupu yaliwahi kutumiwa kumnyamazisha mkosoaji? Chelagat Mutai, mbunge wa Eldoret Kaskazini, alikuwa miongoni mwa wale wabunge wachache wakali wa mwanzo wa miaka ya 1980 waliobandikwa jina la "masista saba wenye ndevu". Koigi wa Wamwere wa Nakuru Kaskazini alikuwa kundini pia. Mwaka 1981 Mutai alishtakiwa kwamba alidai malipo ya safari ambazo hakuzifanya. Akatorokea Tanzania na kukaa huko miaka kadhaa. Jinsi mtego huo unavyofanya kazi ni rahisi: tengeneza mfumo wa madai ya kilomita ambao hakuna anayeukagua kwa dhati, kila mtu adai, kisha siku ukimchoka mmoja, fungua faili lake peke yake.

Je, wajua kwamba kwa desturi Kamati ya Bunge kuhusu Hesabu za Serikali, ile PAC, huongozwa na mpinzani? Mwaka 1993 kiti hicho kilikuwa cha Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi rasmi wa upinzani, wakati kashfa ya Goldenberg ikitokota. Mwaka huohuo Jaramogi alikiri kwamba alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mhusika mkuu wa Goldenberg, akisema zilikuwa mchango wa chama. Kwa kulinganisha na mabilioni yaliyopotea, hizo zilikuwa senti. Zilitosha kuitia doa sauti ya mtu aliyewahi kuacha umakamu wa rais kwa msimamo.

Ya haraka haraka sasa. Ripoti ya Tume ya Haki za Binadamu na Transparency International mwaka 2006 ilionyesha kuwa serikali ya NARC, iliyoingia ikihubiri kubana matumizi, ilitumia shilingi milioni 878 kununua magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha, Uhuru Kenyatta, aliwaamuru mawaziri waachane na magari makubwa waendeshe yenye injini isiyozidi cc 1,800, na hivyo zikaja zile Passat. Mwaka huohuo, pengo la shilingi bilioni 9.2 katika bajeti ya ziada lilielezwa Bungeni kuwa kosa la kupiga chapa.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Mei 2013. Tume ya Mishahara na Marupurupu, chini ya Sarah Serem, ilikuwa imeshusha malipo ya mbunge hadi shilingi 532,500. Jubilee na CORD, ambao majuzi tu walikuwa wakitupiana maneno katika Mahakama ya Juu kuhusu urais, wakawa ndugu wa toka nitoke kuipinga. Hapo wanaharakati, Boniface Mwangi akiwa mmoja wao, wakaleta nguruwe mbele ya lango la Bunge. Damu ikamwagwa kwenye lami na vitoto vya nguruwe vikawa vinailamba huku polisi wakihangaika kuvikamata. Mwezi uliofuata mwafaka ukapatikana: mshahara ukabaki 532,500, na kila mbunge akapewa milioni 5 za gari. Si mkopo. Nguruwe walipigwa picha zilizoenea dunia nzima, ila hesabu ya mwisho waliipiga waheshimiwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 wabunge walianza kulipwa marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi bila idhini ya Tume ya Mishahara? Zidisha kwa wabunge na maseneta 416, upate milioni 104 kila mwezi. Sikumbuki upande wowote uliotoka nje ya ukumbi kwa hasira. Okiya Omtatah, wakati huo raia tu mwenye mkoba wa makaratasi, na Tume yenyewe ndio waliokwenda kortini, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikayafuta malipo hayo na kuagiza yarudishwe.

Jirani naye ana yake. Mwaka 2024 Waganda waligundua kwamba makamishna wanne wa Bunge lao waligawana "tuzo ya utumishi" ya shilingi za Uganda bilioni 1.7. Fungu nono, milioni 500, lilimwendea Mathias Mpuuga, ambaye alikuwa kiongozi wa upinzani.

Na Tanzania je? Huko, 2011, Zitto Kabwe wa CHADEMA alikataa posho ya vikao. Kabla mwaka haujaisha posho hiyo ikaripotiwa kupandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku.

Je, wajua kwamba NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge inayolipa basari za watoto wa Lanet na ambayo jina lake hupakwa kwenye kuta za madarasa, ilianza 2003 kwa juhudi za mbunge wa jirani, Muriuki Karue wa Ol Kalou? Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake inakinzana na Katiba, ikatoa makataa ya 30 Juni 2026. Julai 2025 Bunge la Kitaifa likapitisha mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba yenyewe, serikali na upinzani wakipiga kura pamoja.

Na je, wajua kwamba mswada wa kuwapa wabunge wa zamani, waliohudumu kati ya 1984 na 2001, pensheni ya shilingi 100,000 kwa mwezi uliletwa na John Mbadi, kiongozi wa wachache Bungeni wakati huo? Rais Uhuru alikataa kuutia sahihi. Tangu Agosti 2024 Mbadi ndiye Waziri wa Fedha, na Opiyo Wandayi, aliyekuwa mwenyekiti wa PAC, ni Waziri wa Kawi.