Sikukuu hii, kabla hujamwita mtu mwizi, msome Bwana Msa!

Mwisho wa mwaka najua hali yako inavyokuwa. Mshahara umeshagawanywa kabla haujatoka, nauli za mabasi zimepaa, wadogo zako wanataka nguo za sikukuu, na Januari imekaa pembeni na ada za shule mkononi, inakuchekea tu. Wenye nazo watajirusha ufukweni. Wenzangu na mimi tutapanda daladala kwenda kijijini kula sikukuu kwa bibi.

Mimi kwetu ni Kibuta, wilaya ya Kisarawe. Ukitoka Dar unapita Gongo la Mboto, unapanda vilima vya Pugu, ukifika Kisarawe mjini unatafuta usafiri mwingine wa kukusogeza. Si mbali, lakini ukishuka unajua kabisa kwamba mji umeuacha. Desemba maembe yameiva, vuli imeacha matope njiani, na usiku ni mrefu kichizi. Ukishakula pilau, ukishasikia nani kaoa na nani kaachika, halafu umeme ukakatika na simu ikaisha chaji, utafanya nini?

Jibu langu ni moja: beba hadithi ya upelelezi. Tena usijifungie chumbani ukasoma peke yako. Soma kwa sauti, nyumba nzima isikie. Nina sababu yangu, na nitakueleza ilivyotokea. Lakini kwanza nikujulishe kwa mzee mmoja mwenye kiko.

MZEE WA KIKO

Anaitwa Bwana Msa. Aliyemuumba ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918. Kabla ya kushika kalamu alikuwa bwana afya, mtu wa kukagua usafi majumbani, halafu akaingia kwenye magazeti. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Bwana Abdulla alifariki mwaka 1991, lakini Bwana Msa wake bado anavuta kiko.

Wengi humfananisha na Sherlock Holmes wa Uingereza, na kweli wanafanana. Wote wana kiko, wote wana rafiki wa kuwafuata nyuma akishangaa. Rafiki wa Bwana Msa anaitwa Najum. Ila Bwana Msa ni wetu. Anakaa barazani, anasalimia watu, anatania, anauliza habari za nyumbani, na wewe hujui kwamba saa hiyo anakuchunguza mpaka kandambili zako.

Kwenye Mzimu wa Watu wa Kale tajiri mmoja ameuawa, na maiti yake imekutwa mahali panapoogopwa, penye mzimu. Sasa mahali kama hapo, njia rahisi si unaijua? Unasema ni mambo ya mizimu, mnasoma dua, kesi imekwisha. Bwana Msa haitaki njia hiyo ya mkato. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani aliona nini. Mwisho wake sikwambii ng'o!

Ukimaliza hicho tafuta Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Giningi, kwa watu wa Unguja, ni mahali panaposemwa wachawi hukutana. Utaona mwandishi alikuwa na ugomvi na kitu kimoja: watu kutoa hukumu kwa hofu badala ya ushahidi.

KOPO LA MAZIWA

Sasa nikwambie kwa nini kitabu hicho nakiheshimu. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2000. Wanaokumbuka watakwambia mwaka ule Krismasi ilikuja Ramadhani haijaisha, na Idi ikafuata siku chache tu baadaye. Familia yetu ni mchanganyiko, wa msikitini wapo na wa kanisani wapo. Tukakubaliana tuchange pamoja: pilau ya Krismasi tutaila magharibi, na wanaofunga wafuturu nayo, halafu mbuzi wa Idi tutamchinja wote. Pesa za mchango zikawekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likawekwa chini ya kitanda cha bibi.

Usiku, katika kuvuta saa mpaka daku, shangazi alikuwa anatusomea Mzimu wa Watu wa Kale kwa kibatari. Kitabu chenyewe kimechakaa, jalada limeshonwa na uzi. Watoto kwa wakubwa tumejaa mkekani, hata babu ambaye husema hadithi ni za watoto, ameketi karibu na mlango anajifanya anasinzia.

Siku tatu kabla ya Krismasi kopo halipo.

Unajua inavyokuwa. Dakika tano tu, macho yote yamemgeukia mtu mmoja. Pale nyumbani alikuwepo kijana wa miaka kumi na minne, yatima, bibi alimchukua kumlea. Tulimwita Dogo. Hakuna aliyemwona akichukua kitu. Kosa lake lilikuwa moja: hakuwa mtoto wa mtu yeyote pale. Mjomba akasema jana alimwona Dogo dukani. Mwingine akasema hata macho yake siku hizi hayatulii. Baba mkubwa akatoa uamuzi: kesho alfajiri twende kijiji cha pili tukapige ramli, mwizi atajulikana, na akijulikana hatalala hapa.

Dogo hakulia. Alikwenda kukusanya shati lake na kaptula, akaziviringisha kwenye mfuko wa plastiki, akakaa nao kibarazani. Ile picha mpaka leo ninayo.

Shangazi ndiye aliyesimama. Akasema, "Shikamoo kaka. Kabla ya ramli, naomba niulize kama Bwana Msa." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akauliza: nani wa mwisho kuliona kopo? Bibi akasema yeye, Jumanne asubuhi. Jumanne kulikuwa na nini? Mvua kubwa, paa lilivuja. Kitanda kilikuwa wapi? Kilivutwa pembeni. Nani alikivuta? Kimya. Kila mtu anamwangalia mwenzake. Hapo shangazi akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Siku ile alikuwepo nani, ambaye leo hayupo?"

Bibi mdogo! Alikuja kutusaidia siku ya mvua, na usiku uleule akapata habari ya msiba, akaondoka kwenda Maneromango. Kijana mmoja akapewa baiskeli. Alirudi alasiri na majibu: maji yalikuwa yanaingia chini ya kitanda, bibi mdogo akalichukua kopo, akalitumbukiza ndani ya chungu cha mbegu za mahindi, akakipandisha darini. Habari ya msiba ikamsahaulisha kusema. Tukapanda darini. Shilingi zote zipo, hata sarafu.

Mbuzi alichinjwa, pilau ililiwa, na baba mkubwa, mtu wa heshima zake, alimpa Dogo paja. Leo Dogo ni seremala, ana mke na watoto. Lakini mimi hujiuliza: kama ile asubuhi wangekwenda kwenye ramli, na ramli ikasema wanachotaka kusikia, leo angekuwa nani? Jina la mwizi ukipewa na miaka kumi na minne, ukiwa huna wa kukutetea, hulivui kirahisi.

Ndiyo maana nasema hadithi hizi si za kupitisha usiku tu. Sikukuu watu wengi hujazana nyumba moja, na mwaka mzima kila mtu ana lake moyoni. Simu ikipotea ni dada wa kazi. Mtoto akiumwa tumbo ni bibi wa nyumba ya tatu. Tunaanza na mtu, halafu ndiyo tunatafuta ushahidi wa kumfunga nao. Mpelelezi mzuri anaanza na swali.

WENGINE WA KUBEBA

Simu ya Kifo. Faraji Katalambula, 1965. Kama jina linavyosema, simu inalia, kinachofuata ni mauti. Mpelelezi ni Inspekta Wingo, askari hasa mwenye cheo. Ni kitabu cha mjini, kinakwenda haraka, na kimefaa sana kwa wale wanaosema wao kusoma hawawezi.

Kufa na Kupona. Elvis Musiba, 1974. Hapa weka kiko pembeni, ni ngumi na bastola! Shujaa ni Willy Gamba, jasusi mtanashati anayepanda ndege kama wewe unavyopanda daladala. Anafuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibwa, mpaka Nairobi. Kumbuka Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1994, kwa hiyo majasusi wa makaburu hawakuwa ndoto za mwandishi. Ukimpenda Willy, mfuate Kinshasa kwenye Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979. Angalizo: wanawake humo wengi wamewekwa kwa ajili ya uzuri wao. Wadada, msije mkanilaumu.

Joram Kiango. Huyu ni wa Ben Mtobwa, aliyezaliwa 1958 na kutuacha 2008. Anza na Tutarudi na Roho Zetu. Joram ana akili, ana majigambo, na ana Nuru, mrembo ambaye naye kazi anaiweza. Ukisoma kwa sauti, ruka ruka baadhi ya kurasa kama babu yupo. Umenielewa.

Kwa vitabu hivi jaribu wauza vitabu vya mitumba, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Ukikuta nakala ya mzee wako kabatini, ishone, usiifungie maandazi.

KAMA UMEME UPO

Wale wa kioo nao sijawasahau. Bara tulichelewa kupata runinga, ITV ilianza 1994, na kabla ya hapo ilikuwa mikanda na vibanda vya video. Wengine tulifundishwa filamu na Lufufu, yule mtafsiri aliyeweza kumfanya jambazi wa Hong Kong aongee kama konda wa Kariakoo.

Kwa familia nzima, chagua Columbo ya Marekani. Peter Falk amevaa koti la mvua lililochakaa, anaonekana mshamba, na muuaji unamjua tangu mwanzo. Raha ni kuona anavyonaswa. Wenye subira watafute Derrick ya Ujerumani, iliyoanza 1974 ikaisha 1998. Hakuna kukimbizana, ni maswali tu na macho ya Horst Tappert. Karibu na nyumbani ipo Crime and Justice ya Nairobi, 2021, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa wapelelezi. Na ukiwa na watu wazima wenzako tu, narudia, watu wazima tu, ipo Viva Riva! ya Kinshasa, 2010, ya mtu aliyeleta petroli ya wizi katika mji usio na petroli.

MASHARTI YA MCHEZO

Moja, anayejua mwisho akae kimya, au akaoshe masufuria. Mbili, simameni kabla ya sura ya mwisho, kila mtu aandike jina la muuaji kwenye karatasi. Tatu, na hili ndilo kubwa: ukitaja jina, toa sababu. "Simwamini tu" siyo sababu. Mtoto wa miaka minane akizoea hilo mkekani, akikua atalipeleka kazini, kwenye baraza la kijiji, na siku moja pengine mahakamani.

Haya, pakia begi. Kandambili, dawa ya mbu, zawadi ya bibi, na kitabu kimoja. Sikukuu njema, na kopo la pesa mwambieni mtu mnapolihamisha!