Mlango wa Moyo Unaovuja Kimyakimya

Ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi huanzia kooni, na ndiyo maana hupita bila kutiliwa shaka. Mtoto hupatwa na maumivu ya koo yasababishwayo na bakteria waitwao streptokoka, na kwa kuwa maumivu hayo hupoa yenyewe baada ya siku chache, aghalabu hapelekwi zahanati. Lakini kinga ya mwili wake, ikishaamshwa kupambana na bakteria hao, wakati mwingine hukosea shabaha na kushambulia viungo, ngozi na moyo wenyewe, hasa milango yake, yaani vile viwambo vyembamba vinavyofunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Maumivu ya viungo huisha bila kuacha alama, ila milango ya moyo hubaki na makovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu mpaka mlango unashindwa kufunga sawasawa na damu inaanza kuvuja. Miaka mingi huweza kupita kabla mgonjwa hajaanza kuhema akipanda kilima, au, kwa wanawake, kabla ujauzito haujaulemea moyo uliokwisha kuchoka. Na hapo tiba inayobaki mara nyingi ni upasuaji.

Tangu mwaka 1816, Mfaransa René Laennec alipokunja karatasi na kusikiliza kwayo kifua cha mgonjwa, uvujaji wa namna hiyo umekuwa ukitafutwa kwa sikio, kwa kuwa damu inayorudi nyuma kwa nguvu hutoa mvumo unaosikika katika stetoskopu. Sikio, hata hivyo, lina mpaka wake, na uvujaji mdogo hauvumi. Kuuona kulihitaji njia nyingine, ambayo ilifunguliwa mwaka 1953 huko Lund, Sweden, na daktari Inge Edler pamoja na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz, walioanza majaribio yao kwa mashine ya kiwanda cha meli cha Malmö iliyotengenezwa kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Kipimo kilichozaliwa hapo ndicho kiitwacho leo eko, kwa maana ya mwangwi: sauti ya juu mno isiyoweza kusikika na binadamu hupelekwa kifuani kupitia juu ya ngozi iliyopakwa jeli, nayo hugonga kuta na milango ya moyo na kurudi, na kompyuta huhesabu muda wa kurudi kwake na kuchora picha inayocheza. Kwa kuwa mlio wa kitu kinachosogea karibu hupanda na wa kinachokwenda mbali hushuka, kama wasikiavyo wakaao kando ya barabara kuu kila lori linapopita likipiga honi, mashine hutambua pia mwelekeo wa damu na kuupaka rangi, nyekundu kwa inayokijia kifaa na buluu kwa inayokiacha. Hakuna sindano, hakuna mnunurisho, na mtoto huweza kurudi darasani mara moja.

Tofauti kati ya sikio na mwangwi ilidhihirika mwaka 2007, ulipochapishwa utafiti wa watoto wa shule nchini Kambodia na Msumbiji. Kwa upande wa Msumbiji, stetoskopu iligundua wagonjwa wapatao 2 katika kila watoto 1,000, ilhali eko iliwagundua wapatao 30. Tangu hapo mashine zimepungua ukubwa hadi kutosha mkononi, na huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi wamefunzwa kuzitumia katika upimaji wa awali, jambo lenye uzito katika nchi ambazo mabingwa wa moyo ni wachache na hukaa mijini.

Lakini kuona si kutibu, na kwa muda mrefu haikujulikana kama watoto wale waliogunduliwa na mashine tu, wasio na dalili yoyote, walihitaji dawa. Jibu lilitoka Gulu hukohuko. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa, na 916 kati yao, wenye ugonjwa uliojificha, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakichomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4, wengine wakifuatiliwa bila dawa. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Ushahidi huo ni mzito, ingawa hesabu yake ina upande wa pili usiotajwa sana: ili mtoto mmoja anusurike, watoto 13 au 14 huvumilia sindano 26 kila mmoja, tena sindano ambayo kila aliyewahi kuchomwa anajua inavyouma, na wengi wao ugonjwa wao usingesonga mbele ndani ya miaka hiyo hata wangeachwa. Zaidi ya hayo, mtoto akishaambiwa ana ugonjwa wa moyo, wazazi huweza kumkataza kukimbia na kucheza bila sababu ya kitabibu.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kutofautisha uvujaji wa kuhofiwa na usio na madhara. Mwongozo wa Shirikisho la Moyo Duniani wa mwaka 2012 uliweka vipimo, mathalani kwamba damu inayorudi kupitia mlango wa kushoto, ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, ihesabiwe kuwa dalili iwapo mkondo wake unafika sentimita 2 au zaidi. Mwongozo mpya wa mwaka 2023 umeugawa ugonjwa katika madaraja kuanzia A hadi D, la kwanza likihusu vijana wasiozidi miaka 20 ambao mabadiliko ya milango yao ni madogo kabisa.